Miguu tunaipoteza baada ya ajali

Papasa mguu wako upande wa mbele, chini ya goti. Kidole kinagusa ngozi, na chini ya ngozi hakuna nyama, kuna mfupa mtupu. Huo ndio muundi. Mtu akianguka na pikipiki, akigongwa na gari au akiporomoka kutoka juu ya mwembe, muundi ukivunjika hauna kazi kubwa ya kutoboa ngozi na kutokeza nje. Vumbi linaingia, mchanga unaingia, nyuzi za suruali zinaingia. Kuanzia dakika hiyo saa inahesabu.

Gazeti hili linapiga mbiu leo kwa ajili ya mfupa huo. Wako vijana wa Masasi na Newala waliovunjika mguu miaka miwili au mitatu iliyopita na hadi sasa hawajaukanyagia. Jeraha linafunga, linafumuka tena, linatoa usaha na chembe za mfupa uliokufa. Kati ya ncha mbili za mfupa pana pengo la sentimita nne, sita au nane, na mguu unapinda mahali pasipo na kiungo. Jamaa wanaliita donda ndugu, wengine wanasema karogwa. Hajarogwa. Mfupa wake umepotea, na tunasema waziwazi kwamba mara nyingi sehemu kubwa ya mfupa huo haikupotea barabarani. Ilipotea baadaye, mikononi mwetu: kwa kuchelewa, kwa uchafu, kwa jeraha lililoshonwa kabla ya kusafishwa, kwa mianzi iliyokazwa mno, kwa karatasi iliyotangulizwa mbele ya dawa.

Kwa nini tunasema leo? Tazama barabara zetu. Malori ya makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara yanapita Masasi. Oktoba ikifika, magunia ya korosho yanaanza kutembea kutoka vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kwenda maghala makuu, fedha za minada ya vyama vikuu, TANECU na MAMCU, zinaingia vijijini, na pikipiki mpya zinaingia pamoja nazo. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye kilomita 210, inawekwa lami kipande kwa kipande. Tumeililia lami hiyo miaka mingi na hatuirudishi nyuma hata hatua moja. Ila lami huleta mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Mguu wa mtu aliyeteleza kisimani huvunjika vipande viwili. Mguu wa aliyeanguka na pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa husagika, na ngozi na misuli huchanika pamoja nao. Makandarasi wanajulikana, mikataba ya lami inajulikana. Nani ameandaa zahanati zilizo kando ya lami hiyo kumpokea majeruhi wa mwendo mpya?

Mfupa ni kitu hai. Unalishwa kwa damu inayopita ndani yake na kwa damu inayotoka kwenye misuli na utando unaouzunguka. Muundi, kwa kuwa umevikwa ngozi tu upande wa mbele, una akiba ndogo ya damu kuliko mfupa wa paja. Vijidudu vikiingia na kukaa, kipande kisicho na damu hufa, na mfupa mfu ni nyumba ya vijidudu ambayo dawa haifiki. Hapo daktari hana njia nyingine. Anafungua, anakata kile kilichokufa, na anaendelea kukata mpaka aone vitone vya damu vikichomoza kwenye uso wa mfupa. Akiviona anasimama. Pengo hupatikana hapo. Kijana ambaye siku ya ajali hakuacha hata kipande kimoja cha mfupa barabarani, miezi mitatu baadaye amebaki na mwanya wa sentimita sita, na mwanya wa kiasi hicho hauzibiki wenyewe hata ukisubiri miaka kumi.

Tumchukue kijana mmoja, wa mfano tu, katika kijiji cha bondeni upande wa mto Ruvuma, chini ya mteremko wa Newala. Ameanguka saa moja jioni. Wenzake wanamfunga kanga mguuni na kumpakia kwenye pikipiki nyingine, mguu ukining'inia. Zahanati ya karibu imefungwa, au muuguzi yupo na hana cha kumpa zaidi ya bandeji na vidonge vya maumivu. Anaambiwa aende hospitali ya wilaya. Gari la wagonjwa limepeleka mama mjamzito. Wanakodi gari ndogo, wanapandisha mteremko usiku, wanafika saa sita. Wanaulizwa PF3, fomu ya polisi. Polisi ni asubuhi. Asubuhi jeraha linaoshwa kwa haraka na kushonwa ili lisionekane baya, kisha plasta ngumu inafungwa juu yake. Siku ya nne mguu unanuka ndani ya plasta. Siku ya kumi ndugu wanamhamisha kwa mtaalamu wa kienyeji kwa sababu hospitali imeshindwa. Mwezi wa tatu anapewa rufaa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na familia inauza shamba la mikorosho. Katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alifanya alichozoea.

Sasa turudi nyuma tuhesabu mfupa ulipopotea.

Umepotea kwanza kwa sindano ambayo haikuchomwa. Mwaka 1989 Patzakis na Wilkins, madaktari wa Marekani, walichapisha hesabu ya mivunjiko ya wazi zaidi ya 1,000. Waliopata antibiotiki ndani ya saa tatu za kuumia, asilimia 4.7 walipata maambukizi. Waliopata baada ya saa tatu, asilimia 7.4. Leo miongozo ya Uingereza inataka dawa iingie ndani ya saa moja. Sindano hiyo haihitaji daktari bingwa, haihitaji umeme, haihitaji chumba cha upasuaji. Inahitaji kuwapo kabatini saa mbili usiku, na mtu mwenye ruhusa ya kuichoma pamoja na kinga ya pepopunda. Ukituuliza ni kitu gani kimoja kitakachookoa miguu mingi kwa fedha kidogo katika wilaya hizi, jibu letu ni hilo: sindano ya saa ya kwanza, zahanati, kabla ya rufaa.

Umepotea pili kwa maji. Nani asiyejua habari ya maji katika uwanda wa Makonde? Mvua inazama kwenye mchanga, visima havichimbiki kirahisi, na maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni Kitangari. Mtoto wa Newala anajua bei ya ndoo kabla hajajua kusoma. Mvunjiko wa wazi ulio mbaya, kwa kanuni iliyozoeleka kwa madaktari wa mifupa, unataka lita tisa za kuoshea. Karibu nusu ndoo. Katika nyumba ambako nusu ndoo ni maji ya kupikia na kunywa ya siku nzima, tunaelewa kwa nini jeraha linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kufungwa. Katika zahanati isiyo na tangi la maji ya mvua hatuelewi, na hatutaki kuelewa.

Habari njema ni kwamba kuosha jeraha hakutaki mitambo. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tano kwa wagonjwa zaidi ya 2,400 wenye mivunjiko ya wazi. Ulilinganisha maji yanayosukumwa kwa nguvu na yanayoteremka yenyewe, na maji ya sabuni na maji ya chumvi ya dripu. Nguvu ya msukumo haikuleta tofauti, na sabuni haikuwashinda maji ya chumvi. Chupa ya dripu iliyotundikwa juu, mrija, na mkono wenye subira unaotoa mchanga chembe moja moja vinatosha. Na maji ya dripu yakiisha, maji safi ya kunywa yaliyochemshwa yanafaa kuanzia kazi. Tangi la lita elfu chache chini ya bati la zahanati ni kifaa cha tiba ya mifupa. Wahandisi wa halmashauri waliandike hivyo kwenye makisio yao.

Umepotea tatu kwa uzi. Jeraha la mvunjiko wa wazi lililoshonwa siku ile ile na mtu asiye na ujuzi wala vifaa vya kulisafisha mpaka chini ni chungu kilichofunikwa jikoni. Madaktari wa vitani, ambao wameona miguu mingi iliyosagwa kuliko mtu yeyote, wanafundisha kusafisha, kufunika kwa shashi safi, kuacha wazi, na kurudi kushona siku ya nne au ya tano nyama ikiwa imerudia rangi yake. Wazee wetu wanaokumbuka vita vya ukombozi wa Msumbiji, majeruhi walipokuwa wakivushwa Ruvuma, hawatashangazwa na somo hilo. Linahitaji kurudiwa kwa kila tabibu anayepangiwa kazi huku, hasa kijana aliyetoka chuoni anayeona aibu kumwachia mgonjwa jeraha lililo wazi.

Kuhusu waunga mifupa wa kienyeji tunataka kusema kwa heshima, kwa kuwa wengi wanaowasema hawajawahi kukaa nao. Mvunjiko uliofungika, mfupa haukutoka nje, ncha zimekutana: hapo mtaalamu wa kijijini anayejua kazi yake ameponya watu tangu enzi za mababu, kwa gharama ya kuku na siku chache za kukandwa. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote wana watu hao, na kijiji kinawaamini kwa sababu wanapatikana. Lakini jeraha likiwa wazi, mambo hubadilika kabisa. Dawa ya majani juu ya mfupa ulio nje hupanda vijidudu. Na vijiti vya mwanzi vikikazwa kwenye mguu unaovimba huzuia damu, vidole vinapoa, vinakufa ganzi, vinageuka rangi, na baada ya saa chache misuli iliyokosa damu haifufuki. Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Waganga wakuu wa wilaya wawaite waunga mifupa wa kila tarafa, wakae nao kama wenzao wa kazi, wakubaliane mambo mawili tu: mfupa ulioonekana haukai kijijini hata usiku mmoja, na vidole vilivyopoa vinafunguliwa papo hapo. Mzee anayemleta majeruhi wa jeraha la wazi zahanati apokewe vizuri. Akikaripiwa mara moja, hatarudi, na watakaofuata hawatakuja naye.

Na PF3. Fomu hiyo ya polisi ina kazi yake mahakamani na kwenye madai ya bima. Haina kazi yoyote ndani ya saa ya kwanza ya mfupa ulio nje. Dharura huhudumiwa kwanza, fomu ikafuata, na kila mganga mfawidhi analijua hilo. Tunataka lijulikane pia na mlinzi wa getini na karani wa mapokezi, kwa maana wao ndio majeruhi anaokutana nao saa sita usiku.

Hayo ni ya kuzuia pengo. Lakini wale ambao pengo tayari wanalo? Hapa ndipo kimya kimekuwa kikubwa, na hapa ndipo tunataka msomaji akae nasi kidogo, kwa sababu familia nyingi zimeambiwa, au zimejiambia, kwamba kilichobaki ni msumeno.

Mfupa uliopotea unaweza kurudishwa. Tiba hiyo ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1905 daktari Huntington wa Marekani aliandika habari za mtoto aliyepoteza sehemu ya muundi kwa maambukizi. Kando ya muundi kuna mfupa mwembamba unaoshuka mpaka kifundo cha mguu. Huntington aliukata, akausogeza ndani ya pengo, ukaunga, na kadiri mtoto alivyoukanyagia ukanenepa mpaka ukabeba kazi ya mwenzake. Hakuna chuma cha kununua Ulaya katika tiba hiyo. Inataka daktari anayejua na mgonjwa atakayefuatiliwa.

Ya pili ni ya Mfaransa, Alain-Charles Masquelet, ya miaka ya 1980. Pengo likishasafishwa, linajazwa saruji maalumu ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki. Mwili, ukikutana na kitu hicho kigeni, hukizungushia utando. Baada ya wiki sita hadi nane daktari anaufungua utando, anatoa saruji, anaweka mahali pake mfupa uliochotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na utando ule ule ulioumbwa kujilinda unakuwa mfuko wa kulishia mfupa mpya. Upasuaji mara mbili, na subira katikati.

Ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi, kwa sababu chombo chake kila fundi wa pikipiki anacho. Gavriil Ilizarov alikuwa daktari Kurgan, mji wa Siberia ulio mbali na kila kitu, akihudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Pili. Alizungushia mguu pete za chuma, akapitisha nyaya nyembamba ngozini mpaka kwenye mfupa, akaziunganisha pete kwa vijiti vyenye nyuzi na nati. Kisha akakata mfupa mzima mahali penye afya na kuuvuta polepole, milimita moja kwa siku. Nyuma ya kipande kinachosogea, mfupa mpya unazaliwa. Kipande kinasafiri ndani ya mguu mpaka kinafika ng'ambo ya pengo.

Anayefanya kazi hiyo ya kuvuta, siku kwa siku, si daktari. Ni mgonjwa mwenyewe, au mama yake, au mkewe, kwa spana namba kumi. Nati ikizungushwa mzunguko mzima, kijiti kinasogea milimita moja. Kwa hiyo robo mzunguko alfajiri, robo mchana, robo jioni, robo kabla ya kulala. Mistari inachorwa kwa kalamu ya wino kwenye nati asije mtu akakosea au akazungusha kinyume. Nyaya zinasafishwa kila siku kwa maji yaliyochemshwa, moja baada ya nyingine, mahali zinapoingia ngozini. Pengo la sentimita sita ni siku 60 za spana. Baada ya hapo pete zinakaa mpaka mfupa mpya ukomae, kwa kawaida zaidi ya mwezi mmoja kwa kila sentimita. Miezi tisa, kumi. Ni muda mrefu. Lakini wakati wote huo mgonjwa yuko nyumbani kwake, anatembea kwa magongo, anaukanyagia mguu, na kuukanyagia ni sehemu ya dawa.

Valeriy Brumel wa Urusi alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, Tokyo 1964. Mwaka uliofuata alipata ajali ya pikipiki, mguu ukasagika. Alipasuliwa mara nyingi Moscow bila kupona, hadi mwaka 1968 alipopelekwa kwa Ilizarov. Alirudi kuruka. Kijana wetu hahitaji kuruka zaidi ya mita mbili. Anahitaji kushuka Ruvuma na kupanda, kupalilia mikorosho, kuwapeleka wanawe shule.

Tiba hizi ziko Tanzania. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ina madaktari wanaozifanya, na ilichapisha mwaka 2020 utafiti wake yenyewe kwa wagonjwa 240 wa mivunjiko ya wazi ya muundi, ikilinganisha chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa na chuma kinachofungwa nje. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo hayakutofautiana sana kwa idadi ya waliokufa au kurudishwa kupasuliwa. Chuma cha ndani walichotumia ni kile kinachotolewa na shirika la SIGN, kilichobuniwa kufungwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa maneno mengine, yapo mambo mazito ambayo hospitali ya mkoa, hata hospitali kubwa ya misheni, inaweza kuyafanya ikiwa na mtu aliyefundishwa.

Nasi tuna hospitali hizo. Ndanda ipo na imehudumia kusini kwa vizazi. Mkomaindo ipo Masasi mjini. Ligula ipo Mtwara, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini sasa imesimama Mitengo. Mwaka 1935 daktari Leader Stirling alifika Lulindi, Masasi, akaanza upasuaji katika majengo ya udongo na nyasi, na baadaye, kati ya 1975 na 1980, akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Ardhi yetu ilikuwa na chumba cha upasuaji kabla haijawa na lami. Haistahili kusafirisha kila muundi kwenda Dar es Salaam miaka tisini baadaye.

Kinachokosekana ni kliniki ya kudumu. Tunashukuru kambi za madaktari bingwa zinazozunguka halmashauri, zimeokoa watu. Ila kambi ya wiki moja haiwezi kumlea mgonjwa wa pete wa miezi kumi. Akivimba wiki ya tatu, nani atamtazama? Waya ukilegea wiki ya tano, nani ataukaza? Tunataka Mitengo iwe na timu ya mifupa na ya upasuaji wa kufunika majeraha kwa nyama na ngozi, kwa sababu mfupa mpya hauoti chini ya jeraha lililo wazi. Timu hiyo ipande Ndanda na Newala siku inayojulikana kila mwezi, kama siku ya mnada inavyojulikana. Eksirei ya katikati ya tiba ipigwe Newala, picha isomwe Mtwara kwa simu, mgonjwa asilale njiani kwa ajili ya picha moja.

Si kila mguu utaokolewa, na haitakuwa haki kuwadanganya watu. Mguu uliokosa damu saa nyingi, uliosagwa hadi mishipa ya fahamu ikaisha, pengine ukikatwa mapema unamwokoa mwenyewe na miaka ya mateso. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 kwa wagonjwa 569 ulionesha kwamba baada ya miaka miwili waliokatwa na waliotengenezwa miguu walikuwa karibu sawa katika maisha yao. Lakini hao walikatiwa mguu nchi ambako mguu wa bandia unapatikana na barabara ni ngumu. Uwanda wa Makonde ni mchanga. Gongo linazama. Mtu wa mguu mmoja akitoka nyumbani kwenda kwenye bomba, kila hatua ncha ya gongo inaingia mchangani kina cha kiganja, anaichomoa, anaiweka mbele, inaingia tena, na akirudi ana ndoo ambayo hana mkono wa kuibebea. Anayepima faida ya kuokoa mguu wa mkulima wa Newala aupime juu ya mchanga huo.

Fedha zitatoka wapi? Mchango wa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/2025 korosho ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Ni chini ya kilo nane za korosho. Wakulima wetu wanajua makato. Wanakatwa kwa mengi, na mengine hawayaelewi. Hili la bima wangelielewa, wakiulizwa kwenye mkutano wa AMCOS na kukubali wenyewe. CHF ilikomea hospitali ya mkoa, haikufika Muhimbili. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tunawataka wabunge wa kusini wahakikishe kwamba pete, saruji ya mifupa na safari za ufuatiliaji zimo ndani ya kitita, zimeandikwa kwa majina yake. Kuna na fedha nyingine inayolala. Kila chombo cha moto kinatakiwa kisheria kuwa na bima, walau ile ndogo, kwa ajili ya mtu anayeumizwa nacho. Majeruhi wangapi wa Masasi wamewahi kudai? Ofisa ustawi wa jamii wa kila hospitali apewe kazi hiyo, kuanzia kuandika namba ya chombo mpaka hundi.

Mwendo, leseni na pombe barabarani tutaviandikia siku yake.

Kwa sasa tuna swali kwa wakurugenzi wa halmashauri nne, Masasi Mji, Masasi, Newala Mji na Newala. Katika zahanati zenu, ni ngapi usiku wa leo zina sindano ya antibiotiki, kinga ya pepopunda, lita kumi za maji safi ya kuoshea jeraha, ubao wa kufungia mguu, na muuguzi anayejua kwamba haruhusiwi kushona? Tutawaandikia barua rasmi wiki hii. Kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba tutachapisha majibu yenu, zahanati kwa zahanati, kijiji kwa kijiji, na palipo kimya tutaandika kimya.